Udongo wa Chumba Changu

Tangu kuchimba udongo kupigwe marufuku, ukitaka chumba unabomoa chumba. Cha marehemu mume wangu kilimjengea mjukuu wa kwanza. Sasa Nyamizi, mkwe wangu, ana mimba ya miezi minane, na kilichobaki ni changu.

Msengi, mwanangu, alitaka kukodi mashine ya kukandia udongo. Nikakataa. Magoti yananiuma, ila mashine haijui kama majani yametosha. Mguu unajua.

Hadi saa nne tulikuwa tumebomoa kuta tatu. Kwenye ule wa nne, uliokuwa kichwani pa kitanda changu, Msengi alisimama na ndoo ya maji, akanipa fomu ya kibali cha ujenzi nimshikie.

“Mama, utalala wapi?” Nyamizi aliuliza.

“Si jikoni pana joto.”

Nikaisoma ile fomu. Watu wa nyumba hii, pamoja na mtoto anayetarajiwa: wanne. Nikahesabu tena kwa vidole vyenye matope: Msengi, Nyamizi, mjukuu, anayekuja, na mimi. Tulikuwa watano.

Nilimrudishia fomu yake, nikapandisha kanga magotini.

“Mwaga maji, mwanangu. Udongo mkavu haukanyagiki.”