Mkono wa Kushoto

Wiki yangu ya tatu ya jujutsu, mwalimu aliniambia nimshike mkono nimwangushe. Ana miaka sabini na sita.

Nilimshika kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukaenda wenyewe kushika kiwiko changu, vile tunavyosalimia wazee kwetu Bukavu.

"Nsimire, huo wa kushoto unafanya nini hapo?"

"Ni heshima, Papa."

"Basi niheshimu kwa kuniangusha."

Kazi yangu hapa Louisville, Marekani, ni kutunza wazee. Akianguka mmoja tunakimbia watatu, tunaita ambulensi, na mara nyingi hatembei tena. Nusu yao ni wadogo kuliko huyu.

Nikafumba macho, nikageuza nyonga jinsi alivyotufundisha. Akapita juu ya mgongo wangu, mwepesi kama shuka. Kiganja chake kikapiga mkeka, paa!

"Papa, pole!" Nilikuwa nimeshapiga magoti, mkono uko chini ya shingo yake, natafuta palipovunjika.

Shingo ilikuwa ya moto, imekaza. Haikulala mkononi mwangu kama zile za kazini. Kidevu alikuwa amekibana kifuani, na kichwa hakikuwa kimegusa mkeka hata kidogo.

Alinitazama, akacheka. Akajiviringisha kwa bega, akasimama bila kushika chochote, akakaza mkanda wake.

"Tena," akasema, akaninyoshea mkono.

Safari hii mkono wangu wa kushoto ulishika kola yake.