Kiti cha Somoe

Diski ya tatu nayo iligoma ikiwa imebaki kidogo tu imalize. Kombo, fundi wa kuchoma diski, aliitoa akaitupa kwenye boksi la zilizoharibika.

"Samahani, mama. Muda wote nalaumu diski, kumbe video yenyewe ni kubwa mno, haienei humu. Itabidi tukate."

"Basi kata nilipo mimi," alisema Bi Mize. "Nimecheza mpaka aibu."

Ilikuwa harusi ya binti yake. Diski ilikuwa ya kumpelekea Somoe, dada yake Bi Mize, ambaye maumivu ya miguu yalimzuia kusafiri kuja harusini, na nyumbani kwake hana simu ya kuonea video, ana deki ya diski tu.

Kombo akasogeza video mbele. "Na hiki kipande? Dakika ishirini, kiti kitupu! Mpiga picha alisahau kuzima kamera."

"Hakusahau. Nilimtuma mimi. Hapo usiguse."

Kwenye video hiyo, kitini palikuwa pametandikwa kanga ya Somoe. Wageni walipita mmoja mmoja, na kila aliyefika aliinama kidogo. "Shikamoo, Bi Somoe." Bibi harusi naye alisimama, akaiweka sawa kanga iliyoanza kuteleza.

Kombo akafungua diski mbili mpya. "Tutaigawa mara mbili. Haikatwi hata sekunde."

"Hata ninavyocheza?"

"Hapo ndipo haikatwi kabisa, mama."

Mashine ikaanza kuunguruma. Kwenye skrini, mtoto wa miaka minne hivi alikuwa amefika kitini na sahani ya pilau. Aliinyoosha kwa mikono miwili, akasubiri ipokewe.