Ngao za Fedha na Mitungi ya Kumbikumbi

Katika zama za mikuki mirefu, kikosi cha kakakuona wazee kilijiita Ngao za Fedha. Hawakuwahi kushindwa vita, na kila mgeni alisimuliwa hivyo hata asipouliza.

Siku moja, wakiongozwa na jemadari Nyegere, walimtimua Chui. Lakini Chui alipitia nyuma, akachukua mitungi yao ya kumbikumbi.

"Nipeni Nyegere, niwarudishie mitungi," alisema.

"Wazee wangu, tumeshinda!" Nyegere alisihi. "Kumbikumbi watarudi na mvua."

Kakakuona walilia kidogo, kisha wakamfunga kamba.

Chui alimla Nyegere, akarudisha mitungi, akajifanya jemadari wao mpya, akawatuma kakakuona kulinda kivuko cha mamba, wawili wawili.

"Mbona wawili wawili, mheshimiwa?"

"Mkiwa wengi huwa mnauza jemadari," Chui alijibu, huku akifungua mmoja wa mitungi yao.