Glasi Kichwa Chini

Glasi ilitakiwa iwekwe kichwa chini. Lorna aliiweka wima.

Ukumbi mzima ulimwona. Wanajeshi karibu mia mbili na wake zao, wamesimama nyuma ya viti vyao, wakimtazama mjane mwenye gauni la kijani akikosea kitu kidogo namna ile. Kwenye meza ile ya mtu mmoja, inayoandaliwa kila mwaka kwa askari asiyerudi, kila kitu kina mahali pake: kiti kitupu, mshumaa, kipande cha limau kwa uchungu, chumvi kwa machozi, na glasi iliyopinduliwa, kwa sababu asiyekuwepo hawezi kunywa na wenzake. Mwaka huu jina lililosomwa lilikuwa la mumewe, Sajini Royce Stidham. Mto ulimchukua wakati kikosi kilipokuwa kinaokoa watu wa mafuriko, miaka miwili iliyopita, na mwili haukuonekana.

Sajini Amos Dellinger, rafiki wa Royce, alitoka nyuma ya kiti chake, akaipindua glasi taratibu, akamshika Lorna kiwiko.

"Si kitu, shemeji," alinong'ona. "Mkono umekataa, basi."

Walirudi kwenye meza yao. Lorna aliyasikia macho ya watu mgongoni. Alijua wanayosema: kwamba Dellinger ndiye aliyemleta kwenye dansi la kikosi, kwamba ua alilofunga mkononi kanunua yeye, kwamba kila Jumamosi yuko kwa mjane anakata nyasi.

"Sajini, leo umejipiga pasi mpaka masikio," alisema koplo mmoja pale mezani, Tibbs. "Kuna harusi hatujaambiwa?"

"Kula saladi yako, Tibbs."

"Nauliza tu, nianze kupunguza tumbo."

Mkewe alimkanyaga chini ya meza. Tibbs akala saladi.

Lorna hakuweza kumeza kitu. Walipokuwa kwenye gari Dellinger alimwambia, "Leo kuna jambo nataka kukuomba. Ukikataa, nitaelewa." Lolote atakaloombwa na mtu huyu, hakuwa na haki ya kulikataa, wala hakuwa na haki ya kulikubali.

"Hujagusa kuku wako," Dellinger alisema. "Na usiniambie huna hamu ya chakula. Pipa lako la taka nalitoa mimi barabarani. Zito kama la watu wenye familia."

"Nikiwa na mawazo ndiyo nakula."

"Basi kula, shemeji. Na yale mapazia uyafungue siku moja, jua liingie. Nyumba imekuwa kama handaki."

Lorna aligeuza viazi kwa uma, upande huu, upande ule.

Mshereheshaji akawasimamisha tena. Kwa kila jina walilotakia heri jioni ile walikunywa mvinyo, lakini kwa hili la mwisho hunywewa maji.

"Kwa wasiorudi," alisema.

"Kwa wasiorudi," ukumbi ukaitika.

Walipokaa, Dellinger hakuiachia glasi yake.

"Wewe uliambiwa kamba aliyofungwa Royce pale mtoni ilikatika," alisema, chini chini, akiangalia kitambaa cha meza. "Haikukatika. Ilikuwa mkononi mwangu na ikaniponyoka. Zilibaki wiki mbili turudishwe vitani, safari ya tatu, na Royce kila siku ananiambia, Amos, mimi kule sirudi. Nikawa namcheka. Kumbe hakurudi kweli." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Miaka miwili naishika ile kamba usingizini. Sitaki kingine, shemeji. Nisamehe. Neno moja tu, nilale."

Machozi yalimtiririka mtu mzima yule, medali kifuani, mbele ya Tibbs na mkewe.

Neno lilimfika Lorna mpaka kwenye meno. Si lile alilolingojea Dellinger. Lingine, ambalo lingemlaza usiku huo huo kama mtoto. Akamtazama, akaitazama meza ndogo yenye mshumaa, akalimeza pamoja na maji.

"Royce hana kinyongo na wewe, Amos," alisema.

"Najua. Alikuwa na moyo mzuri. Lakini wewe?"

Lorna alishika leso yake akaikunja mara mbili, mara nne. Dellinger alingoja. Mwisho akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeuchukua ule ukimya kuwa ndilo jibu.

"Ni haki yako," alisema.

Kanali alikata keki kwa upanga, watu wakapiga makofi. Lorna alimwomba mhudumu kipande cha kona, kile chenye ua la sukari, akakifunga kwenye leso.

"Kona," Dellinger alisema. "Ndugu yangu Royce angeweza kupigana na mtu kwa ajili ya kona."

"Hapendi kingine."

Dellinger hakumsahihisha. Alimwekea koti mabegani, wakaondoka kabla muziki haujaanza.

Mbele ya nyumba alimfungulia mlango wa gari.

"Jumamosi nitakuja na mashine ya nyasi."

"Pumzika Jumamosi hii, Amos. Tafadhali."

"Nikikata nyasi zako ndiyo napumua, shemeji. Usininyime na hilo."

Lorna aliingia, akafunga kufuli zote mbili. Alisimama gizani mpaka taa za gari zilipokata kona, ndipo akawasha ya jikoni na kuiweka leso mezani.

Royce alinyoosha mkono akaifungua, akalamba sukari kidoleni.

"Amos kalia tena?" akauliza.