Upande wa Kushoto

Kimeu aliung'oa ubao wa kiti cha nyuma, akaugeuzageuza. Boti hii ya injini ilikuwa haijawahi kugusa maji. Mzee, mstaafu wa reli, aliinunua mpya mwaka wa themanini na moja, akaiweka juu ya matairi uani kwake Donholm. Mbona basi ubao umelika na kubonyea, tena upande wa kushoto tu?

"Mzee, nani alikuwa akikaa hapa?"

"Marehemu mama watoto. Kila jioni tulikunywa chai humo. Akiniuliza tutaipeleka lini ziwani Kisumu, namwambia mwaka ujao." Mzee alikohoa. "Weka mpya, fundi. Huo utupe."

Kimeu alipitisha kiganja penye kibonyeo. Ubao mpya ulikuwa umenyooka, tayari kupigiliwa.

Akaweka nyundo chini, akaulaza ule wa zamani kando ya mpya, akafungua mfuko wa vifaa vyake vya kuchongea vinyago.