Godoro na Wageni wa Jumamosi

Josephu alimzunguka kondoo mara mbili, akambinya mgongoni, akambinya mbavuni, akazamisha vidole mpaka vikapotea. Kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Ametosha sasa," alisema. "Jumamosi nawaleta wenzangu wa bandarini."

Mkewe, Mwalimu Upendo, alikuwa anaanua nguo. Shati lilimponyoka likaanguka mchangani. Ilikuwa Alhamisi Kuu, na Jumamosi hiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka.

"Wenzako wangapi, Baba Elia?"

"Wanne. Na Shabani yumo."

Shabani ndiye aliyeitwa kuchinja kila penye shughuli, kuanzia bandarini hadi huku kwao Naliendele, ili Waislamu na Wakristo wale sinia moja. Upendo aliokota shati, akalirudisha kwenye beseni.

Kondoo aliitwa Godoro. Upendo alimleta kutoka kwao Makete, kwenye baridi, akiwa mdogo bado, ndani ya kapu, kwenye basi, kwa sababu wanafunzi wake wa darasa la tatu waligoma kuamini kwamba sufu huota juu ya mnyama. Kondoo waliowajua wao walikuwa na manyoya mafupi kama mbuzi. Siku ya kwanza walipomwona walitimua mbio. Esperanca, binti wa miaka tisa ambaye wazazi wake walitokea ng'ambo ya Ruvuma, alijificha nyuma ya mkorosho akapiga kelele kwamba huyo ni mbuzi aliyemeza godoro, na sasa godoro linamtoka. Jina likabaki hilo hilo.

Ilichukua wiki tatu kumzoea. Upendo alimshika Esperanca mkono, akamwekea pumba kiganjani, akamwambia asikunje vidole. Godoro alilamba pumba, akalamba kiganja, kisha akaanza kutafuna utepe wa gauni. Esperanca alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga hodi.

Mwezi wa sita walimnyoa Godoro kwa mkasi wa fundi cherehani. Alitoka na mabaka ya kichekesho, na kwa siku mbili hakutaka kuwatazama. Wakaiosha sufu, wakaichambua, nyingine wakaichemsha na magome ya mkorosho mpaka ikawa ya kahawia. Wakaisokota kuwa uzi. Sindano za kufumia walizitengeneza kwa spoku za baiskeli.

Josephu alikuwa akikaa barazani siku hizo, kawapa mgongo nusu, redio mkononi.

"Hiyo mnafuma skafu au kamba ya kufungia meli?" alikuwa akiwauliza. Au, "Mama Elia, mnyama wa baridi kwenye joto hili! Si ungemwacha kwa wenzake?"

Watoto walimzoea. Siku moja tu ndipo alipowashangaza.

"Esperanca, umeruka kitanzi," alisema.

Upendo alikagua. Kweli, kitanzi kilikuwa kimerukwa.

"Umejuaje?"

"Si nina macho," Josephu alijibu, akaongeza sauti ya redio.

Sasa sufu ya Godoro ilikuwa imejaa tena, na Pasaka imefika. Ijumaa, baada ya kutoka kanisani, Upendo alijaribu mara ya mwisho.

"Baba Elia, watoto wataumia."

"Waumie kwa lipi? Wewe subiri kesho." Josephu alijikuna shingo. "Nakuomba kitu kimoja tu. Usiniaibishe mbele ya wenzangu."

Jumamosi asubuhi Esperanca aliyaona macho mekundu ya mwalimu wake, akauliza. Upendo hakuweza kumdanganya. Alitegemea kilio, lakini watoto hawakulia. Walikwenda kukaa kumzunguka Godoro, migongo imemwegemea, nyuso nje, sindano mikononi. Godoro alidhani ni mchezo, akaanza kutafuna kola ya mmojawapo.

Saa nne wakaingia. Wanaume wanne wenye mabega ya kubebea shehena, Shabani mbele, gunia limekunjwa kwapani. Josephu aliwafuata nyuma, mwendo wake wa pole kuliko siku zote.

"Hodi hapa!"

"Karibuni," Upendo aliitikia, kwa sauti isiyokuwa na ukaribisho wowote.

Esperanca alisimama.

"Shikamoo, mjomba Shabani. Huyu haliwi. Ni wa darasa."

Shabani alisahau hata kuitikia. Alimtazama mtoto, akamtazama kondoo, kisha akamgeukia Josephu.

"Ina maana hujamwambia mkeo?"

"Nimeshindwa," Josephu alisema, macho chini.

"Kuniambia nini?" Upendo aliuliza.

Wale watatu wengine walianza kuzitazama buti zao. Shabani alishusha pumzi, akavua kofia, akaketi mkekani katikati ya watoto. Alifungua gunia akatoa kitu kirefu, kigumu, cha rangi ya katani, chenye spoku nne za baiskeli zimechomekwa upande mmoja.

"Shemeji," alisema, "mumeo ametufundisha vizuri tu, kila mapumziko ya mchana, ila nyuzi za gunia zinawasha mno ndani ya buti, ndiyo maana tumefuata sufu ya kondoo wenu. Tena tumefika mahali hata yeye hajui. Hebu tusaidie: kisigino cha soksi kinapindwaje?"