Mapumziko ya Ijumaa

Marhoon aliivua ile saa nyeusi ya mpira, akaifuta jasho kwa ncha ya kanzu, akamvalisha mama yake mkononi.

"Kwani kila Ijumaa nnavishwa mimi hii, ya nini?" aliuliza Bi Shariffa kutoka kitandani.

"Inatazama mapigo ya moyo, mama. Nikiwa sipo, roho yangu itulie."

"Haya. Moyo upo. Miguu ndiyo iliyokwenda."

Alikuwa amemwambia nusu ya ukweli. Saa ilikuwa mali ya timu yake ya kandanda. Mazoezini wachezaji walivaa fulana fupi za kubana zenye kidude mgongoni, wakaziita sidiria na kuchekana chumba kizima. Siku ya mapumziko walivaa saa. Kocha Asaad alisoma mapigo na nyendo zao zote kwenye kompyuta. Aliyechoka alimpunguzia mbio, aliyezembea alimwongezea. Tangu vifaa hivyo vije, watu waliozoea kutolewa uwanjani wameshika mapaja walikuwa wakimaliza mechi. Hakuna aliyebisha.

Ila paja la kushoto la Marhoon lilionekana linachoka, na wiki tatu zilizopita kocha akaamuru: kila Ijumaa, ukitoka msikitini, ulale. Hata dukani usende.

Kulala maana yake ilikuwa kubaki ndani ya nyumba ile ya mtaa wa Mawaleh, madirisha yamefungwa kwa joto, kiyoyozi kinaunguruma, akingoja kuitwa. Geuza mto. Lete maji. Nibebe chooni. Alimpenda mama yake. Lakini zilikuwepo nyakati alisimama nyuma ya mlango wa jikoni akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

Bi Shariffa alianguka ngazini mwaka juzi, wiki ile timu moja ya Salalah, mji wa mbali kusini, ilipomwita Marhoon kwa mara ya kwanza. Akahamishiwa chumba cha chini. Ghorofani hakukaa mtu tena. Baba alikwisha fariki, na dada yake Marhoon, Khulood, ameolewa mji mwingine, Sohar. Salalah waliita mara ya pili, Marhoon akakataa tena. Sasa walikuwa wameita mara ya tatu, na walisema hawatarudia.

"Nenda, mwanangu," mama alimwambia. "Mimi majirani watanikuta wakisikia harufu."

Angekataa tena, alijua. Hata hivyo hakuweza kuacha kujifua. Saa ilitaka mkono wenye mapigo, wa mtu aliyetulia, na katika nyumba ile hakukuwa na aliyetulia kuliko mama yake. Kwa hiyo kila Ijumaa alimwachia, akaendesha gari hadi ufukwe wa Seeb, akakimbia mchangani mpaka paja likawaka moto. Kule tu ndiko alikokuwa hana mtu wa kubeba wala wa kumhesabia hatua.

Aliporudi alimkuta Bi Shariffa amelala vile vile alivyomwacha, shuka hadi kifuani, paji la uso linang'aa kwa jasho.

"Kiyoyozi hiki hakifai kitu," alisema. "Hebu niinue."

Akamwinua.

Jumapili, kabla ya mazoezi, Asaad alimwita ofisini. Alikuwa mzaliwa wa Mwanza, mpole, na alipokasirika alikiacha Kiarabu akasema Kiswahili. Alifunga mlango.

"Salalah wanataka jibu leo," alisema. "Na mimi wananiuliza kama wewe ni mtu wa kuaminika. Niwaambie nini?"

Marhoon akawaza: Kuna mtu alimwona ufukweni.

Asaad aligeuza kompyuta. "Nilikwambia ulale. Tazama. Hapa umelala, sawa. Dakika chache tu, kisha umesimama. Ukazungukazunguka nyumba nzima. Ukapanda ngazi. Ukakaa huko juu. Ukashuka, ukapanda tena. Unafanya nini wewe, unahama?"

Marhoon aliinamia kioo cha kompyuta. Mstari ulipanda na kushuka.

"Saa imekosea, kocha."

"Ikosee Ijumaa zote tatu? Zote ni hivi hivi." Asaad aliweka kidole mwisho wa mstari. "Na hapa ndipo uliponishangaza. Moyo unaruka ghafla, unateremka ngazi mbio, halafu kimya. Umelala kama maiti. Kama mtu aliyesikia gari linaingia uani."

Nje, wenzake walikuwa wakivalishana fulana na kutaniana.

"Unamkimbia nani ndani ya nyumba yako, Marhoon? Niambie ukweli, nami nitawaambia Salalah ukweli."

Simu ililia mfukoni. Marhoon aliitazama, akaiweka sikioni.

"Usichelewe kurudi, mwanangu," ilisema sauti ya Bi Shariffa, dhaifu. "Nnaona kiu, na maji yapo kule jikoni."